Mafuta ya Difu Yakiwa Rangi ya Chai

Paa la shule yetu liling'oka nikiwa darasa la nne. Halikuvuja wala halikuinama, liling'oka. Upepo ulitoka upande wa ziwa saa ya hesabu, tukasikia kama lori linapanda ukuta, na tulipoangalia juu tukaona mawingu. Mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kelele. Alifunga kitabu akasema mabati ni ya serikali, kila mtu aende atafute, asiyepata asirudi. Nafikiri alitaka kusema tusirudi siku hiyo mikono mitupu. Lakini mimi nilimsikia alivyosema.

Nilifuata bati moja nililoliona likienda. Nilipita mashamba ya mtama, nikavuka kijito, nikawauliza wanawake waliokuwa wanaanua omena, dagaa wa ziwani, kabla mvua haijashika. Mmoja akaniambia, "Limepita hapa juu kama bata aliyelewa. Limeshuka barabarani." Barabarani nikakuta lori la pamba limezama mpaka ekseli. Chini ya lori kulikuwa na miguu ya mtu, na chini ya huyo mtu kulikuwa na bati letu, amelilalia.

Nikamwambia, "Hilo bati ni la shule."

"Shule gani?"

"Ile ya pale juu."

"Mbona siioni?"

"Paa limeenda."

"Basi hata shule imeenda. Wewe nipe spana namba kumi na tatu hapo kando yako."

Sikujua spana ni nini. Nikampa jiwe. Aliliangalia, akaligeuza mkononi, akagonga nalo kitu mara mbili, akanirudishia. "Sasa nipe spana," akasema.

Huyo alikuwa Obuya. Paa la shule lilirudishwa baada ya muda mrefu, mimi nikiwa tayari najua kufungua kabureta. Kwa hivyo mkiona maandishi yangu yanapinda, laumuni upepo.

Mtaniuliza paa la shule na magari wapi na wapi. Hata mimi sijui. Nikianza kukumbuka kazi yangu, kitu cha kwanza kinachokuja ni hilo paa, basi nimeliandika. Nilifanya kazi chini ya Obuya kule Migori mpaka macho yake yakakataa, halafu nikafungua kibanda changu Rongo, kando ya barabara kuu. Maisha yangu yote yameisha nikipigana na kitu kimoja, magari ya zamani wakati wa mvua ndefu. Wakati wa jua gari mzee inaenda hata ikitengenezwa na mchungaji wa mbuzi. Mvua ikianza ndiyo unajua fundi ni nani.

Nyinyi vijana mnaosomea umekanika siku hizi mmezoea hizi gari ndogo nyeupe. Ikilowa inawasha taa ya njano, unachomeka simu, simu inakuambia ugonjwa. Zetu hazikusema kitu. Ulikuwa unaweka sikio kwenye boneti kama unamsikiliza mtoto mwenye kifua. Na nisiwadanganye kwamba nawaandikia ili mjifunze. Mtajifunzia gari gani? Juzi nilipita kwa wanunuzi wa vyuma nikaona gari moja ya pijo niliyoitunza tangu ikiwa na rangi yake ya kwanza, imekatwa kwa gesi vipande vipande, mlango umelazwa juu ya mlango kama mikate. Itayeyushwa iwe nondo za ghorofa ya mtu. Nikasimama hapo kidogo, kijana mmoja akaniuliza kama nina chuma cha kuuza. Nikamwambia niko na magoti tu.

Lakini nikinyamaza inanisumbua zaidi. Basi acheni niseme, hata kama haisaidii.

Obuya alikuwa anasema gari haiuawi na maji, inauawa na mtu anayeogopa akiwa katikati ya maji. Kabla ya kuvuka mto, legeza mkanda wa feni, feni isizirushie waya maji. Tia gia ya kwanza. Usibadilishe gia, usiondoe mguu, usiangalie upande. Ukishatoka ng'ambo, endesha umekanyaga breki kidogo kidogo mpaka zikauke, la sivyo utazihitaji kwenye mteremko wa kwanza na hazitakuwako. Tulikuwa na mchungaji mmoja wa kanisa, mteja mzuri, aliyesimamisha landrova katikati ya mto kule chini ya Migori ili aombe. Maji yakaingia kwa ekzosti, injini ikameza, ikanyamaza. Tulipomvuta kwa kamba Obuya akamwambia, "Pasta, siku nyingine omba ukiwa mkavu." Yule pasta alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope na suti yake. Watu wa zamani walikuwa wanaweza kuchekwa.

Kila masika kabla ya mvua ya kwanza tulikuwa tunafunika distribyuta, ile inayogawia plagi moto, kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, unakikata kama soksi. Waya za plagi unazipaka mshumaa. Mwanzoni Obuya alikuwa anazipaka samli, kwa sababu mama yake alikuwa na samli nyingi na yeye alikuwa bahili. Gari ya kwanza aliyopaka ilikuwa ya tajiri wa tumbaku. Asubuhi tajiri akaja kwa miguu, amekasirika. Panya walikuwa wamekula waya zote nne mpaka shaba. Obuya aliziangalia, akasema, "Basi ilikuwa samli nzuri." Kutoka siku hiyo tukawa watu wa mshumaa.

Tairi za nyuma unazifunga kamba ya katani, unaipitisha kwenye matundu ya rimu, kushoto na kulia, ipate kushika udongo. Matope ya chini ya bodi unayaosha siku hiyo hiyo, usiseme kesho. Ule udongo wetu mweusi ukikauka ni simiti, unararua kila mpira ulioko huko chini.

Na la mwisho, ambalo nataka mlishike hata kama mtasahau mengine yote. Difu. Difu ni ile tumbo ya chuma katikati ya ekseli ya nyuma, ndani yake kuna meno yanayogeuza magurudumu. Ina tundu dogo la kupumulia. Ukiendesha, difu inapata moto. Ukiiingiza kwenye maji baridi ikiwa moto, inavuta pumzi, na pumzi yenyewe ni maji. Kwa hivyo gari ikikaa ndani ya maji, fungua nati ya chini, pokea mafuta kwenye kopo, uyaangalie. Mafuta mazuri yana rangi ya asali. Yakiwa rangi ya chai ya maziwa, hiyo gari isisogee hata hatua moja mpaka uyamwage uweke mengine. Ukiendelea kuendesha na hiyo chai ndani, meno yatakula meno. Haitakuambia. Itaenda vizuri, itaenda vizuri, halafu ikatike.

Sasa niwaambie habari ya Mwalimu.

Mwalimu Ogola alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amestaafu. Nyumbani kwake ni bondeni, ukishaacha lami kama unaenda Homa Bay, unashuka kwa ile ardhi nyeusi, unavuka mto ambao wakati wa jua ni mchanga tu na mbuzi wanalala ndani. Alikuwa na pijo pikapu, rangi ya maziwa. Wenzake waliuza zao wakanunua hizi nyeupe. Yeye alikataa, na mimi nilimheshimu kwa hilo, ingawa wakati mwingine nilifikiri ni ubishi wa walimu.

Halafu mke wake akashikwa na figo. Tulimwita Mama Atieno. Daktari akasema damu yake isafishwe kwa mashine kila Jumanne na kila Ijumaa, hospitalini Homa Bay mjini, na asikose. Hakuna cha kueleza zaidi hapo. Akifika anaishi, asipofika maji yanamjaa mwilini mpaka kwenye mapafu.

Wakati wa jua kila gari ilimfikisha. Mvua ndefu ilipoanza zile nyeupe zikaanza kuzama, moja baada ya nyingine, kwa sababu tumbo lao liko chini. Pikipiki ilimwangusha mara moja, akakataa pikipiki. Binti yao wa kwanza, Atieno, alitaka wapange chumba mjini, karibu na hospitali, mpaka mvua ipite. Mama Atieno akasema yeye hatafia nyumba ya kupanga, mwili wake ukaanze kuombewa ruhusa kwa mwenye nyumba. Mtu wa kwetu akishasema hivyo mazungumzo yameisha. Basi ikabaki pijo. Iko juu, ni nyepesi, tairi za nyuma ndizo zinasukuma, na ukiifunga katani inapanda kama punda.

Kila Jumatatu na kila Alhamisi Mwalimu alikuwa ananiletea gari Rongo niikague kwa ajili ya kesho yake. Mara nyingi alikuja na Mama mwenyewe, kwa sababu alipenda kutoka nje. Nilikuwa namwekea kiti kwenye kivuli cha kibanda, lakini hakukaa, alikuwa anasimama juu ya kichwa changu.

"Daktari," alikuwa ananiita hivyo, "leo unamtoa damu?"

"Namtoa, Mama. Oili imekuwa nyeusi."

"Hata yangu walisema ni nyeusi. Mimi na huyu tunasafishwa wiki moja. Yeye bei yake tu ndiyo nafuu."

"Na yeye halalamiki sindano."

"Yeye hana mume wa kumlalamikia," akasema, na Mwalimu aliyekuwa anasoma gazeti la zamani akageuza ukurasa kama hajasikia.

Mwili wake ulikuwa umevimba miguuni mpaka alikuwa anavaa viatu vya Mwalimu. Lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa. Kama mngemwona msingesema ni mgonjwa wa kufa, na kwa kweli hakuwa wa kufa. Hilo ndilo linanichoma. Mashine ilikuwako, hospitali ilikuwako, kitanda chake kilikuwako. Kilichokuwa katikati ni hiyo njia tu, na hiyo njia mimi nilikuwa naiweza. Mwezi wa kwanza wa mvua hakukosa hata siku moja. Nilianza hata kujivuna kimoyomoyo. Nilijua kila nati ya ile gari. Nilikuwa nalala nikiisikia.

Halafu akafa mzee mmoja wa ukoo wao, mzee mkubwa kabisa, mwenye wake na wajukuu na jina. Mwili ulikuwa mochari Migori. Ulitakiwa ufike bondeni Ijumaa ukalale nyumbani, azikwe Jumamosi. Gari ya kubeba maiti ilishuka mara moja kuangalia njia, dereva akageuza, akasema yeye ana watoto.

Basi Alhamisi, mimi nikiwa chini ya pijo, nikaona miguu ya watu wengi imezunguka kibanda, viatu vizuri vya wazee. Nikatoka. Alikuwa Jaduong' Nyandega, yaani Mzee Nyandega, mwenyekiti wa matanga, na wazee wenzake. Mwalimu alikuwa kwenye benchi. Mama Atieno alikuwa amekaa ndani ya gari, mlango wazi, anakula ndizi.

Nyandega akasalimia kila mtu vizuri, akauliza habari ya ng'ombe, akauliza habari ya mvua kama kwamba haoni. Halafu akasema, "Mwalimu, ndugu yako amekwama."

"Nimesikia," Mwalimu akasema.

"Gari ya mochari haifiki bondeni. Yako inafika. Kila Jumanne tunaiona."

Nikasema mimi, "Inafika ikiwa imebeba mama mmoja na mto wa kukalia. Haifiki na jeneza na waimbaji."

Nyandega hakuniangalia. "Mwalimu, hii gari ni yako ama ni ya fundi?"

"Ni yangu."

"Nilitaka kujua tu. Kwa sababu naona fundi ndiye anajibu."

"Kesho ni Ijumaa," nikasema. "Kesho ni siku ya Mama."

"Tutampeleka Mama kwanza asubuhi. Tutarudi naye, halafu tuende mochari. Kwani tumesema nini? Sisi si wanyama."

Mwalimu aliangalia mikono yake. Alikuwa na mikono ya chaki mpaka uzee, mikavu. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Omera, ndugu yangu, mtu akikataa kubeba maiti, siku yake atabebwa na nani?"

Nikajibu kwamba siku yake bado, na siku ya mke wake bado, na ndiyo maana gari iko hapa. Nilisema hivyo mbele ya wazee. Wazee wawili waliangalia kando, kwa sababu maneno kama hayo hayasemwi.

Mama Atieno ndiye aliyemaliza. Alitupa ganda la ndizi barabarani, akasema, "Wapeni. Sitaki iimbwe kwenye matanga kwamba mzee wa watu alilala njiani kwa sababu ya figo yangu." Halafu akamwambia Nyandega, "Lakini Jaduong', huyo mzee ndiye ana haraka? Mimi ndiye napumua."

Wazee wakacheka, na kicheko chao kilikuwa cha watu waliopewa. Mnaweza kusema alikosea. Mimi sisemi. Nyinyi hamjawahi kukaa mahali ambapo mtu akikataa gari kwa msiba, watoto wake wanakosa mtu wa kuwaposa.

Nilimwomba Nyandega vitu vichache. Jeneza na watu wanne, si zaidi. Mwalimu mwenyewe aendeshe. Wakivuka mto gari isisimame, na wakishazika wairudishe kwangu kabla haijaenda mahali pengine popote. Akakubali yote, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa mtu mwenye heshima. Sidhani alikuwa anadanganya.

Ijumaa Mama alifika hospitali, akarudi. Mwili pia ulifika bondeni. Watu walikuwa wanaimba, wakapanda wengi kuliko tulivyokubaliana, huwezi kumteremsha mtu anayelia, lakini ilifika. Ingeishia hapo mimi ningekuwa naandika mambo mengine.

Kwetu mzee mkubwa akifa, vijana wanachukua ng'ombe na filimbi na matawi wanakimbia mpaka porini kukifukuza kifo kitoke kwenye boma. Tunaita tero buru. Zamani ilikuwa ng'ombe. Siku hizi ng'ombe ni wachache, wanatumia pikipiki na gari. Jumamosi asubuhi vijana wa ukoo wakamwomba Mwalimu ufunguo, naye alikuwa ameketi na wazee, na ufunguo wa gari iliyobeba mzee huwezi kuukatalia mbele ya jeneza lake. Wakaifunga matawi mpaka kioo. Wakapanda nyuma, wengine kwenye boneti, wakapiga honi, wakaenda nayo mbio kuzunguka shamba, na wakashuka nayo mtoni kwa sababu kifo kinatupwa kule chini. Ikasimama katikati ya mto. Sijui kwa muda gani. Aliyenisimulia alisema nyimbo tatu. Kisha wakaisukuma, ikawaka, wakarudi wakishangilia. Walikuwa wamefukuza kifo na ile gari.

Hakuna aliyemwambia Mwalimu kwamba ilisimama majini. Kwao halikuwa jambo. Ilikuwa imewaka, si basi? Jumapili ilibeba viti na sufuria za watu. Jumatatu ilinyesha kutwa, mto ukawa juu, Mwalimu akanipigia simu kwamba hataleta gari Rongo, na injini inasikika vizuri. Nikamuuliza kama iliingia majini. Akasema ilivuka tu. Hilo ndilo alilojua.

Jumanne maji yalipungua wakatoka, na kabla ya saa tatu asubuhi akanipigia tena. "Fundi, injini inanguruma lakini magurudumu yamelala."

Nilijua hapo hapo. Nilichukua pikipiki mpaka mwisho wa lami, nikatembea kwenye ule udongo na viatu mkononi. Niliikuta imesimama katikati ya njia nyeusi, hakuna nyumba karibu, mvua nyembamba inanyesha. Nikaingia chini, nikafungua nati ya difu, nikashika kopo. Ikatoka chai ya maziwa. Halafu kikatoka kitu kingine kikagonga kopo, nikakitoa kwa vidole. Jino. Na jingine. Nililala hapo kwenye matope nimeshika hayo meno, na sikutaka kutoka.

Mama Atieno alikuwa ameketi ndani, amejifunika shuka. Akaniangalia kupitia dirishani. "Daktari," akasema, "kati yetu nani ni mahututi?"

"Huyu, Mama."

"Usinidanganye."

Nikamwonyesha meno. Aliyachukua, akayaweka kwenye kiganja, akayageuza. Akasema, "Basi naye ameanza kuzeeka." Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya gari, mikono juu ya boneti, anaangalia barabara kama anangoja darasa liingie.

Lami ilikuwa mbali kuliko nyumbani, basi majirani walimrudisha nyumbani akiwa amebebwa kwenye kiti. Mimi nikaenda Isebania siku hiyo hiyo. Huko kulikuwa na Mkuria mmoja, Mwita, rafiki yangu wa miaka mingi, aliyekuwa na uwanja wa magari yaliyokufa. Nilikuwa nimechukua kwake difu, gia boksi, hata boneti. Nilipofika uwanja ulikuwa mtupu. Nyasi tu, na alama za mafuta.

"Difu ya pijo?" Mwita akasema. "Ndugu yangu, ungekuja kabla ya Krismasi. Wanunuzi wa chuma walikuja na mizani, wakabeba kila kitu. Hata mbwa alikuwa anaogopa."

"Mwita, kuna mtu atakufa."

Akaacha mzaha. Alipiga simu mpaka betri ikaisha, akaazima simu ya mtu. Sirare, ng'ambo ya mpaka, hakuna. Akasema atavuka mwenyewe atafute vijijini, kwa sababu watu huko wanatumia bodi za magari kufugia kuku. Nikarudi Rongo kungoja.

Ijumaa walimfunga Mama Atieno kwenye sleji, mbao zisizo na magurudumu za kukokotwa na ng'ombe, wakamvuta mpaka lami amefunikwa turubai. Alifika hospitali akiwa amelowa na anatetemeka, lakini alifika. Jumanne iliyofuata mto ulikuwa umejaa, ng'ombe wakafika ukingoni wakakataa. Wakawapiga, wakakataa. Walimrudisha. Alhamisi alianza kupumua kama mtu anayepanda mlima, na kabla ya chakula cha mchana alikufa akiwa kwenye kiti chake, mlango wazi, akiangalia mvua. Atieno alinisimulia mwenyewe. Alisema mama yake aliuliza mara moja kama fundi amepiga simu.

Mwili ulipelekwa mochari Homa Bay. Na siku ya kuurudisha nyumbani, ndugu zangu, trekta ilikuja. Trekta kubwa ya miwa, na trela lake, kutoka kwa mkulima mmoja upande wa pili wa kilima. Nyandega alienda kuiomba, ikatolewa mara moja, bila neno. Ilivuka ule mto kama inavuka mkeka. Mama Atieno alikuwa juu, amefunikwa maua ya plastiki, na wanawake wanaimba. Kumbe trekta ilikuwako. Mvua yote ilikuwako, imesimama kwenye kibanda chake. Hakuna mtu aliyefikiria kuomba trekta kwa ajili ya mtu anayepumua. Hatukufundishwa hivyo. Nilitembea nyuma ya hilo trela kwenye alama za magurudumu yake, udongo umekatwa wima kama keki, na tangu siku hiyo kuna kitu ndani yangu hakijakaa mahali pake.

Difu ilipatikana baada ya matanga. Mwita alileta mwenyewe, imefungwa kwenye gunia, ina kinyesi cha kuku. Alikataa kunywa chai. Aliiweka chini tu, akasema pole, akarudi kwao.

Kwa nini niliifunga? Sijui. Mkono wangu haujui kitu kingine. Tuliivuta pijo mpaka Rongo barabara ilipoanza kukauka, nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, nikapima meno, nikafunga, nikajaza mafuta mapya ya rangi ya asali. Sijawahi kufanya kazi safi kama hiyo, na sijafanya nyingine. Baada yake nilifunga kibanda. Watu husema ni magoti.

Mwalimu alikuja asubuhi. Alikuwa amenyolewa kichwa, amevaa koti lake la shuleni. Tukasalimiana. Hakukaa.

"Inaenda?" akaniuliza.

"Inaenda, Mwalimu."

"Hebu."

Nikawasha. Iliwaka mara ya kwanza. Nikaipandisha kwa jeki, nikatia gia, magurudumu ya nyuma yakazunguka hewani, laini, bila sauti yoyote huko chini. Alikuja akasimama karibu, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu. Nikamwona anatingisha kichwa kidogo kama anayesahihisha hesabu ambayo mtoto amepata.

"Ni nzuri," akasema.

"Nzuri kabisa. Itakaa."

"Zima."

"Wacha betri ichaji kidogo, Mwalimu. Imelala sana."

"Zima, omera."

Nikazima. Nikamnyoshea ufunguo. Aliuangalia mkononi mwangu, akafunga kifungo cha koti, akaweka mikono yake nyuma, akaanza kutembea kando ya barabara kuelekea upande wa soko. Nilifikiri anaenda kutafuta chai, nikamwita nimwambie chai iko hapa. Hakugeuka. Alipita wauza ndizi, akapita stendi, na mpaka leo hajarudi kuichukua gari.